Kumtibu mwewe aliyeumia mpaka arudi angani

Kuku mwenye bawa lililopinda anaweza kuzeeka uani akidonoa punje. Mwewe hana nafasi hiyo. Bawa lililopona "karibu kabisa" litamkosesha windo la kwanza, la pili na la tatu, na kwa kila windo analokosa nguvu za kufukuzia linalofuata zinapungua. Ndiyo maana matibabu yake hayalengi kumfanya aishi tu. Yanalenga aruke, apinde kona na akamate. Na mara nyingi kinachomnyima uhuru si jeraha lililomwangusha. Ni mkia uliokatikia ndani ya kizimba cha waya, nyayo zilizooza kwa kusimama mahali pabaya, au bega lililokakamaa ndani ya bendeji iliyosahauliwa.

Maelezo haya yanamhusu mwewe, kipanga, kozi na jamii yao, wenye uzito wa kati ya gramu 150 na kilo moja na nusu. Nchi nyingi zinawalinda ndege hawa kwa sheria, na huko kumfuga bila kibali ni kosa hata ukiwa na nia njema. Asiye na kibali ana kazi ya saa chache: amkamate, amtulize, amfikishe kwa mwenye kibali au kwa daktari wa wanyama. Hatua zinazofuata ni za mtu anayefanya kazi bega kwa bega na daktari.

Kumkamata

Kwanza hakikisha kwamba anahitaji kukamatwa. Mwewe aliyetandaza mabawa chini huku amejikunyata huenda amefunika windo lake ili wengine wasimnyang'anye, na aliyeshiba sana huchukua muda kabla ya kuweza kuruka vizuri. Kinda mwenye manyoya kamili lakini mkia mfupi, anayerukaruka matawi ya chini, hajatupwa. Wazazi wake wako karibu. Akiwa barabarani mpandishe tawini kisha ondoka. Kinda mwenye malaika tu aliyeanguka na kiota kizima apewe kikapu chenye matundu chini ya kupitisha maji ya mvua, kifungwe kwenye mti uleule. Wazazi hawamkatai kwa sababu ameguswa na mtu.

Aliyeumia kweli hukimbia kwa miguu, hushusha bawa moja, au hulala chali ameelekeza makucha juu. Silaha yake ni makucha. Mdomo huuma, ila makucha hupenya mfupani. Vaa glovu nene za ngozi, mtupie taulo kubwa afunikwe wote pamoja na kichwa, kisha tafuta miguu kabla ya kitu kingine. Ishike juu, karibu na mwili, na kidole kimoja kikae katikati ya miguu miwili ili isisuguane. Mabawa yabanwe kwa taulo ubavuni. Usimminye kifua hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kuvutia pumzi kama sisi. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, na ukimkaba hapo anakufa mikononi mwako bila kelele.

Akikushika kwa kucha, usivute. Kadiri mguu wake unavyojikunja, kano za misuli zinazidi kufunga vidole. Unyooshe mguu polepole na vidole vitalegea, au mwenzako avibandue kimoja kimoja akianza na cha nyuma.

Mweke kwenye katoni yenye matundu ya hewa, itakayomtosha kusimama na kugeuka bila kutanda mabawa. Chini tandika taulo kuukuu au kipande cha zulia apate pa kushika. Usitumie nyasi kavu wala majani makavu, maana ukungu wake ukiingia kwenye mapafu na vifuko vya hewa huzaa ugonjwa unaoua mwewe wengi wakiwa tayari wamepona majeraha. Usiweke maji ndani, na usitumie kizimba cha waya kwa hali yoyote. Funga, weka mahali pa giza, pakimya, mbali na mbwa na watoto. Giza ndiyo dawa yake ya kwanza ya mshtuko. Andika mahali hasa alipookotwa, kwa sababu utapahitaji mwishoni.

Kama ana kifafa, shingo imepinda au anazunguka bila kujua aendako, mchukulie kuwa na mafua ya ndege mpaka ithibitike vinginevyo: barakoa, glovu, chumba cha peke yake, nguo za kubadilisha, na taarifa kwa mamlaka ya mifugo.

Saa ishirini na nne za kwanza

Usimpe nyama. Kosa hili huua wengi, na hutendwa na watu wenye huruma kabisa.

Papasa mkuku wa kidari, ule mfupa uliosimama katikati ya kifua. Kwa ndege aliyenona vizuri nyama imejaa pande zote mbili na mfupa unahisika kama tuta tu. Kwa aliyekonda unajitokeza kama ubavu wa kisu. Mwewe wa namna hii amekuwa akila misuli yake mwenyewe kwa siku kadhaa, na damu imepungukiwa fosfeti na potasiamu. Ukimjaza nyama ghafla, insulini inapanda, na hicho kidogo kilichobaki kwenye damu kinakimbilia ndani ya seli. Moyo unasimama. Hata asipofikia hapo, mwili usio na maji hausagi chakula, na nyama inachacha kwenye gole, kile kifuko cha chakula chini ya koo, hadi sumu yake imwue.

Kwa hiyo joto, kisha maji, kisha chakula, kwa mpangilio huo. Ndege aliyekonda akae kwenye nyuzi joto 27 hadi 30, na upande mmoja wa sanduku uwe wa baridi kidogo ili ajichagulie. Akihema mdomo wazi, punguza. Maji yapashwe hadi nyuzi 38 au 39, kwa kuwa mwili wa mwewe una nyuzi 40 hivi na maji baridi humshusha joto.

Kiasi kinahesabiwa. Mahitaji ya siku ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito. Juu yake ongeza pengo: mwewe wa kilo moja aliyepungukiwa maji kwa asilimia 10 anadaiwa mililita 100. Nusu ya deni lilipwe siku ya kwanza, iliyobaki igawanywe siku mbili zinazofuata. Kwa ndege huyu ni mililita 100 siku ya kwanza, kisha 75 na 75, kwa vipimo vidogo vya mililita 20 hadi 25. Dripu ya Ringer (maji ya chumvichumvi ya hospitali) chini ya ngozi, kwenye kikunjo cha paja, ni njia salama kwa aliyefunzwa. Kwa mdomo, tumia mpira laini uliotiwa mafuta kidogo: fungua mdomo, tazama tundu la pumzi nyuma ya ulimi, upitishe mpira pembeni yake hadi kwenye gole, sukuma taratibu, na acha mara moja maji yakionekana kupanda kooni. Asiyeweza kuinua kichwa hapewi kitu kwa mdomo. Daktari anayetaka kuweka dripu mfupani huchagua mfupa wa kati wa bawa au wa mguu wa chini, si mfupa wa juu wa bawa. Huo una hewa ndani na umeungana na vifuko vya kupumulia, kwa hiyo maji yatamzamisha.

Dawa za maumivu za binadamu zibaki kabatini. Diklofenaki iliwafyeka tai mzoga wa Asia Kusini waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, hadi India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Daktari kwa kawaida ataandika meloksikamu. Penisilini yenye prokeini nayo ni sumu kwa ndege.

Kutafuta kilichomwangusha

Mwewe aliyekonda hakukonda bila sababu, na ukishaona bawa lililovunjika usiache kutafuta mengine. Fungua mdomo: utando wa manjano unaonuka, ulioshika kooni kama jibini, mara nyingi ni vimelea vya trikomona kutoka kwa njiwa aliyemla. Dawa ipo na hufanya kazi vizuri ikiwahi. Ndani ya mdomo kupauka na michubuko bila jeraha, au damu isiyokauka sindano ikichomwa, ni dalili ya sumu ya panya. Huyo anahitaji vitamini K1 kwa wiki kadhaa, na ukiikatiza mapema damu inaanza kuvuja tena. Kinyesi cha kijani kibichi, miguu iliyofumba na mabawa yaliyolegea pande zote mbili vinaelekeza kwenye risasi, yaani madini yenyewe, kutoka kwa windo lililopigwa. Eksirei inaweza kuonyesha kipande tumboni, lakini kipimo cha damu ndicho cha kuaminiwa, kwani kipande huenda kimeshatoka na sumu imebaki.

Aliyegonga kioo au gari achunguzwe ndani ya macho kwa kifaa cha daktari. Jicho linaweza kung'aa kwa nje huku nyuma limejaa damu. Mwewe huwinda kwa kupima umbali akiwa kasi, na aliyepofuka jicho moja, kwa maoni yetu, haachiliwi. Bundi, mwenye masikio ya kumsaidia, ni mjadala mwingine.

Uamuzi mgumu ufanywe mapema, ndani ya siku mbili au tatu. Mfupa uliovunjika ndani ya kiungo, au uliotoka nje ukakauka na kuwa mweusi, au mguu mmoja kukatika kabisa, kwa kawaida humaanisha daktari amlaze usingizi wa mwisho. Mwewe wa mguu mmoja hubeba uzito wote kwenye unyayo uliobaki mpaka nao uoze.

Bawa na bendeji

Mifupa miwili ya kati, kati ya kiwiko na kifundo cha bawa, ikivunjika mmoja tu, mwenzake hutumika kama gango. Bendeji ya umbo la nane inatosha: kunja bawa kama lilivyo ndege akitulia, zungusha bendeji inayojishika yenyewe kuanzia kwapani, uvuke nje ya kifundo, urudi kiwikoni. Isibane utando wa mbele wa bawa, na ncha za manyoya zibaki zimelala kwa mpangilio wake. Bendeji ya gundi usiiguse, maana itang'oa manyoya. Mfupa wa juu wa bawa ukivunjika, bawa lifungwe pamoja na mwili, na mara nyingi utahitaji upasuaji wa kuwekewa chuma, kwa kuwa misuli ya kidari huuvuta na kuuzungusha. Mfupa wa korakoidi, ile nguzo kati ya bega na kidari inayovunjika kwa kugonga vioo, hupona vizuri kwa bawa kufungwa na ndege kupumzishwa wiki tatu hivi kwenye nafasi ndogo. Hapa kutofanya mengi kuna faida kuliko kisu.

Mfupa wa ndege hushika haraka, wiki tatu hadi nne. Tatizo liko kwenye ule utando wa mbele. Ukikaa umekunjwa muda wote huo unasinyaa, na bawa halitanyooka tena hata mfupa ukiunga sawasawa. Kwa hiyo bendeji hufunguliwa mara mbili kwa wiki, ndege akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na bawa linanyooshwa taratibu mpaka linapoanza kukataa, linashikiliwa hapo kidogo, linarudishwa, kwa dakika chache. Ukilazimisha unauvunja mfupa upya.

Mkia, nyayo na chakula

Siku ileile ya kwanza, vika mkia ala. Picha kuukuu ya eksirei au bahasha ngumu, ikatwe kwa upana wa mkia uliofumbwa na kubandikwa kwa tepu ya karatasi kwenye manyoya madogo ya juu na chini ya mkia. Kazi ya dakika tano hii huokoa miezi. Unyoya uliokatika hauoti mpaka ndege abadili manyoya, na huenda akangoja karibu mwaka mzima. Dawa ya pembeni ni kuunga: unyoya uliodondoka wa ndege wa aina ileile, wa nafasi ileile, unachomekwa kwenye shina lililobaki kwa kijiti chembamba cha mwanzi na gundi. Ukosee pembe kidogo tu na bawa litapiga kelele hewani. Kamwe usiling'oe shina ukidhani jipya litaota haraka, maana ukiharibu mzizi hakuna kitakachoota.

Vijiti vya kutulia viwe na unene tofauti na vizungushiwe zulia la nyasi bandia. Kijiti kinafaa ikiwa vidole vinakizunguka bila ncha za mbele kukutana na cha nyuma. Kagua nyayo kila umshikapo. Magamba madogo yakianza kupotea na ngozi kung'aa kwa wekundu, badilisha vijiti leo, kwa sababu kidonda cha unyayo kikishatunga usaha kina miezi.

Ndege aliyekonda, baada ya siku moja ya maji na akishatoa kinyesi, huanza na nyama laini ya kware au panya, bila ngozi, mfupa wala manyoya, imesagwa na kuloweshwa, kijiko kimoja kidogo kwa wakati. Papasa gole. Kama halijashuka, hakuna mlo mwingine. Siku ya tatu au ya nne ongeza mifupa midogo, na manyoya yaje mwisho. Kuanzia hapo anapaswa kutapika kila siku kipira kikavu cha manyoya. Hapewi chakula kipya kabla ya kukitoa. Kipira chenye damu, au kisichotoka mpaka kesho yake, ni cha kumwambia daktari.

Akishapata nguvu ale mnyama mzima: panya, kware, vifaranga vya siku moja. Nyama tupu ya ng'ombe ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, na kinda akilishwa hiyo mifupa yake hupinda kama mpira. Njiwa usimpe, kwa ajili ya trikomona. Mwewe wa gramu 150 hula karibu robo hadi moja ya tano ya uzito wake kwa siku, na wa kilo moja asilimia 7 hadi 11. Mpime kila asubuhi, saa ileile, kabla hajala. Mizani hukuambia habari siku mbili kabla ya macho.

Makinda yalishwe kwa kibano kupitia kinyago au pazia, yakiwa pamoja na wenzao au yakimwona mkubwa wa aina yao. Kinda aliyekulia usoni pa mtu atamfuata mtu maisha yake yote kuomba chakula, na akikua atawashambulia watu kama wapinzani wake.

Banda na kamba

Banda la kuta za mbao au fito za kusimama, si wavu, kwani wavu huchuna ngozi ya juu ya mdomo na kuvunja manyoya. Asione watu. Kwa ndege wa ukubwa wa kati, urefu wa mita 15 ndio mwanzo. Mita 30 zenye kona ni bora zaidi, kwa sababu kona humlazimisha kugeuka hewani, na hapo ndipo bega bovu hujitangaza. Weka vijiti juu pande zote mbili, chakula mwisho wa banda.

Hata hivyo banda peke yake halimpi pumzi. Ndege akitulia kijitini siku nzima anaonekana mzima. Mazoezi ya kamba ndiyo kipimo: vikuku vya ngozi laini miguuni, kamba nyepesi iliyosokotwa ya mita 50 au zaidi, uwanja mpana usio na vichaka, upepo mdogo. Mwisho wa kamba usifungwe kwenye kitu kisichosogea. Ufungwe kwenye kijiti chepesi kitakachoburuzika, ili asisimamishwe ghafla na kuteguka paja. Anza na miruko mitano au sita mifupi, siku moja mazoezi, siku inayofuata mapumziko. Zidisha polepole kwa wiki nne hadi sita. Tazama kutoka nyuma: mabawa yapige sawa, mwili usiegemee upande mmoja, mkia usizungushwe kufidia. Sikiliza, maana unyoya mbovu hufoka. Hesabu muda wa kuhema mdomo wazi baada ya mruko wa mwisho. Kama muda huo haupungui wiki hadi wiki, mrudishe kwa daktari akasikilize vifuko vya hewa.

Mwewe mkubwa aliyewahi kuwinda hajasahau. Kijana aliyeletwa kabla ya kujifunza lazima athibitishe kwamba anakamata windo hai, siku kadhaa mfululizo, bila uzito kushuka, pale sheria inaporuhusu. Kuliwa kwa mzoga uliowekwa hakuhesabiki.

Siku ya kumwachilia

Masharti ni haya: uzito wa kawaida wa aina yake na jinsia yake (jike ni mzito kuliko dume, usiwachanganye), manyoya yote mahali pake na yanayomwaga maji anaponyunyiziwa, nyayo safi, macho mawili, na kumwogopa mtu. Mwenye leseni ya kuvisha ndege pete za utambulisho amvishe sasa. Ondoa vikuku vya ngozi. Ukivisahau vitanasa tawini na kumning'iniza mpaka afe.

Mkubwa arudi alipookotwa, kwenye himaya anayoijua visima na vichaka vyake, isipokuwa kilichomwangusha bado kipo palepale, kama vile waya wa umeme au chambo cha sumu. Kijana apelekwe penye mawindo na pasipo na jozi ya wakubwa wa aina yake. Wanaohama na majira wasiachwe wakati wenzao wameshaondoka.

Mlishe vizuri siku iliyotangulia, kisha chagua asubuhi kavu isiyo na utabiri wa mvua kwa siku tatu. Jioni haifai, hana muda wa kutafuta pa kulala. Weka sanduku chini, mlango uelekee upepo na uwazi wenye miti mbele, ufungue, usimame nyuma. Usimrushe juu, wala usiite umati wa kupiga picha. Wengine hutoka kama jiwe la kombeo, wengine hukaa mlangoni robo saa wakikodoa.

Kunguru watamfuata, na mara nyingi ni zogo tu, lakini kaa karibu na darubini kwa nusu saa. Akitua chini na kushindwa kupanda tena, una taulo na sanduku tayari. Kesho asubuhi rudi na kagua miti ya karibu pamoja na chini yake.